Trei Zilizong'aa

Kila asubuhi, kabla soko la Mbita halijachangamka, Masese alikuwa ameshafungua karakana yake. Mkewe, Mong'ina, alimletea chai na viazi vitamu hapo hapo. Masese alitengeneza trei za plastiki za kuwekea samaki. Alikuwa fundi hodari, na shida ni kwamba alijijua. Ukimsifia kazi yake, siku hiyo hata chai inapoa mezani.

Rafiki yake mkubwa hapo sokoni alikuwa Eucabeth, mama kutoka kisiwa cha Mfangano aliyeuza samaki. Masese alipofika kutoka Kisii bila kujua mtu, Eucabeth ndiye aliyemtafutia chumba. Tangu siku hiyo alimwita Masese "omera", yaani ndugu yangu.

Mwaka fulani Masese alisoma kozi fupi katika chuo kimoja huko Homa Bay. Mwalimu Terry aliwafundisha kutengeneza rangi ya plastiki inayopunguza bakteria. Walichukua unga mweupe, laini sana, unaoitwa oksidi ya zinki. Walivaa barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Wakauchanganya na plastiki ya majimaji, wakakoroga mpaka mabonge yote yakaisha. Kisha wakapaka trei.

"Hii bado ni majaribio," Terry aliwaambia. "Msiuze kabla sijapima. Na msipake kitu kingine juu yake."

Masese alisikia vizuri. Lakini trei alizopaka nyumbani zilipokauka, zilikuwa zimefifia na zinakwaruza kidogo.

"Hizi ni kama ukuta uliosahauliwa na fundi," Mong'ina akacheka.

Utani huo ulimchoma. Akachukua vanishi akapaka juu. Trei ziling'aa mpaka ukiinama unajiona. Hakupeleka hata moja kupimwa. Kabla ya kuwauzia wengine, ya kwanza akampa Eucabeth.

"Hii inaua bakteria yenyewe," akamwambia. "Mwagia maji tu, inatosha. Hata samaki mbichi na wa kukaanga wanaweza kukaa pamoja."

"Kweli, omera?"

"Sasa mimi nikudanganye?"

Eucabeth hakuwa mtu mchafu hata kidogo. Kwa miaka tisa alitumia trei mbili, moja ya samaki mbichi na moja ya waliokaangwa. Alizisugua kwa sabuni kila jioni. Sasa akabaki na moja, na sabuni akaiacha. Alimwamini Masese, basi.

Wiki ya pili, binti yake Phanice, mtoto wa miaka mitano, alikula samaki wa kukaanga kutoka kwenye trei ile. Kesho yake akaanza kutapika na kuhara. Hospitalini aliwekewa dripu siku tatu. Habari zilienea, na wateja wa Eucabeth wakahamia meza zingine.

Masese alienda kumwona mtoto. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na mkono umefungwa plasta ya dripu. Eucabeth hakupaza sauti.

"Ulisema inaua," akasema.

Masese aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Akaenda kuchukua trei ile, akaipeleka Homa Bay.

Terry alipangusa trei kwa pamba safi, akapaka ile pamba kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria. Akafanya hivyo pia na trei ya chuo isiyo na vanishi, nayo iliyokuwa imewekewa samaki. Baada ya siku mbili akamwita Masese. Kisahani cha kwanza kilijaa madoadoa.

"Zinki inafanya kazi pale bakteria inapoigusa," Terry akaeleza. "Wewe umeifunika kwa vanishi. Itaguswa vipi?"

"Kwa hivyo ningeacha vanishi, mtoto hangeugua?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Angalia hiki kingine."

Masese akaangalia. Madoadoa yalikuwa machache, lakini yalikuwepo.

"Inapunguza tu, tena polepole," Terry akasema. "Mafuta na magamba ya samaki yakibaki juu, yanaifunika vilevile. Trei yoyote lazima isuguliwe kwa sabuni na maji safi, halafu ikauke. Na samaki mbichi asikae na wa kukaanga. Wauzaji wengi wanajua hivyo."

"Eucabeth alijua," Masese akasema. "Mimi ndiye niliyemwachisha."

Aliporudi Mbita, alipita meza kwa meza akikusanya trei zote kumi na moja alizowauzia wengine. Kila mahali alisema wazi, "Nilikosea. Sikupima." Mmoja alimtukana, naye akachukua trei akaendelea na meza nyingine. Kisha akatengeneza trei za kawaida, bila dawa, za rangi mbili: buluu kwa samaki mbichi, nyeupe kwa wa kukaanga. Wauzaji wakazipenda. Muda si mrefu kila meza ilikuwa na zote mbili, na ndoo ya maji ya sabuni kando.

Phanice alipona. Eucabeth aliporudi sokoni, Masese alimpelekea buluu moja na nyeupe moja. Eucabeth hakuuliza zina nini. Alichukua sabuni, akazisugua zote mbili mbele yake, akazisuuza, akaziegemeza juani.

"Asante, fundi," akasema.

Masese alisimama kidogo, akingoja lile neno la zamani, "omera". Eucabeth alikuwa ameshageukia mteja. Masese akarudi karakana.