Tumbo la Shangazi

Kila akitoka shule, Jicho alivua sare, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizobaki kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Mikono michafu haikuruhusiwa kugusa kitambaa cha mteja, hata kama mwenye mikono hiyo ni malkia.

Jina la Jicho hakupewa na wazazi. Shangazi ndiye aliyembandika, siku msichana huyo alipoona mshono uliokwenda upande kwenye kola ya shati, mshono ambao fundi mwenyewe hakuuona. Sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walifanya kazi mbali, na aliyemlea tangu anatambaa ni shangazi. Waliishi wawili katika vyumba vya mbele vya nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Katika nyumba ya namna hiyo, ukipiga chafya asubuhi, mchana wote unapewa pole.

Macho hayohayo ndiyo yaliyomtia Jicho mashakani. Siku moja aliona kwamba shangazi amefumua gauni lake la kijani kiunoni na kulishona upya, akamaliza akiba yote ya kitambaa iliyokuwa imekunjwa ndani ya mshono. Mafundi huacha akiba hiyo kwa ajili ya mteja atakayenenepa. Lakini shangazi hakuwa amenenepa. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea na mikono imekonda. Tumbo peke yake ndilo lililokuwa likisogea mbele, mpaka likagusa meza ya cherehani.

"Shangazi, gauni limekubana?"

"Limerudi kwenye maji," shangazi alijibu bila kuinua uso.

Limerudi! Kitambaa kilichofuliwa miaka yote hiyo kiamue kurudi na kubana leo? Jicho alikata uzi. Tangu siku hiyo akaanza kumchunguza.

Akaona mengi. Aliona shangazi akitandika kitambaa cheusi juu ya kiti kabla ya kukaa. Aliona akiomba barafu kwa jirani mwenye friji na kuitafuna kwa meno, asubuhi yenye baridi, kama mtu anayekula karanga. Aliona akishika ukuta kila aliposimama. Na kila akiulizwa, jibu lilikuwa lilelile: "Tumbo tu, mwanangu. Litapita."

Wengine nao waliona. Katika chumba cha mwisho cha ua huo aliishi mama mmoja aliyeitwa Mama Redio, kwa sababu habari zake hazikuhitaji betri. Binti yake alikaa dawati moja na Jicho.

"Wewe," binti huyo alimnong'oneza wakati wa hesabu, "eti shangazi yako siku hizi anakula kwa ajili ya wawili?"

"Nani kasema?"

"Kwani sisi hatuna macho? Na mume hana! Mama anasema tusubiri tu, kitajulikana."

Dawati la nyuma likacheka. Jicho aliona masikio yake yakiwaka moto. Kilichomuuma zaidi si kicheko. Kilichomuuma ni kwamba hata yeye alikuwa ameshawaza hivyohivyo, tena kabla yao. Shangazi ambaye hakuwahi kumdanganya hata kuhusu maumivu ya sindano sasa alikuwa anamdanganya kila siku kuhusu gauni! Jioni ile alikata nyuzi bila kusema neno. Alipoitwa alijibu "Eh," wala hakuongeza. Shangazi alimtazama, akarudi kushona.

Siku ya Alhamisi alikuja mgeni. Mtaani walimwita Bibi Chupa. Alitembea na kikapu cha dawa yake ya kahawia, ambayo kwa maneno yake ilitibu kizazi, mgongo, ndoa na meno. Shangazi alivuta pazia. Jicho alibaki upande wa pili, mkasi mkononi, masikio wazi.

"Jumamosi, kabla hujatia kitu mdomoni," Bibi Chupa alisema. "Unakunywa yote. Itashusha kila kilichomo."

"Na damu ikizidi? Hata sasa nazidiwa."

"Izidi tu. Ndiyo uchafu unatoka huo."

Damu? Jicho alisimama pale kama kigingi. Aliyakumbuka matambaa aliyoyaona kwenye kamba, yamefichwa chini ya mashuka, mengi kuliko ya mwanamke yeyote wa ua ule, na haikupita wiki moja kabla ya mengine kuanikwa. Shuleni mwalimu wa sayansi alikuwa amewaambia wasichana sentensi moja tu kuhusu mambo hayo, tena akitazama dirishani: mwanamke akishika mimba, hedhi yake husimama. Basi ikiwa hedhi husimama, haya yote yalitoka wapi? Shuku aliyoibeba kwa majuma ilianza kufumuka kama mshono mbovu. Shangazi alificha jambo, ndiyo. Lakini huenda jambo lenyewe silo walilokuwa wakilicheka.

Ijumaa asubuhi alimfuata mwalimu kwenye chumba cha sayansi. Humo kulikuwa na kiwiliwili cha plasta, nusu mwanamume na nusu mwanamke, chenye viungo vya kuchomoa na kurudisha. Moyo ulikuwepo. Maini yalikuwepo. Lakini upande wa mwanamke, chini ya utumbo, palikuwa na tundu lililozibwa kwa soksi kuukuu ili utumbo usianguke. Wanafunzi walikiita kile kiwiliwili Bi Soksi.

"Mwalimu, hapa pana kiungo gani?"

"Kilichomolewa zamani. Mkuu wa shule wa wakati ule aliona hakifai kwa watoto."

"Kilikwenda wapi?"

"Sijui. Ruka hapo, hakiji kwenye mtihani."

Ruka hapo! Darasa baada ya darasa limesomea mbele ya soksi ile. Wavulana waliotoka pale wamekuwa waume na baba, wasichana wamekuwa mama, na wote waliambiwa waruke mahali walipotokea wao wenyewe. Aliyechomoa alistaafu kwa heshima na kupigiwa makofi. Tundu aliliacha kwa watoto wa wenzake.

Jicho hakuruka. Saa ya mapumziko alivuka barabara mpaka zahanati. Mkunga, mama mnene mwenye viatu vya mpira, alikuwa akifuta meza.

"Mkunga, shikamoo. Mtu mwenye mimba anaweza kutoka damu nyingi, kila mara, mpaka anashika ukuta?"

Mkunga aliacha kufuta. "Marahaba. Damu ya namna hiyo si ya kupuuza, awe na mimba au asiwe nayo. Ni nani huyo?"

Jicho alisita. Je, huyu naye angekwenda kutangaza? Alimchunguza usoni kama anavyochunguza pindo la sketi. Hakuona kicheko. Basi akamwaga yote: gauni, barafu, kitambaa cheusi, chupa ya Jumamosi.

Mkunga alikunja ngumi na kuiweka chini ya kitovu chake mwenyewe. "Mji wa mimba uko hapa. Mbele yake kuna kibofu cha mkojo, nyuma yake utumbo mkubwa. Ni msuli, ukubwa wake kama ngumi hii au hata chini ya hapo. Huku na huku kuna mirija miwili, na karibu na mwisho wa kila mrija kuna ovari, ambamo mayai hukaa. Mtoto hakai kwenye mfuko wa chakula, hata kama watu wote wanasema tumbo. Sasa, kwenye msuli huu wakati mwingine huota uvimbe. Huwapata wanawake wengi mno, na mara nyingi si saratani. Unaweza kukua mpaka mtu aonekane mjamzito, na ukamfanya atoke damu kupita kiasi. Damu ikipungua mwilini, mtu huishiwa nguvu, na wengine hutamani kutafuna vitu vya ajabu. Hata barafu."

"Kwa hiyo shangazi ana uvimbe?"

"Sijamwona, siwezi kuapa. Apimwe. Kinachonitisha ni hiyo chupa."

"Mbona hakuna anayetuambia haya?"

Mkunga aliguna. "Zamani za kale, wanaume wenye elimu kubwa waliandika kwamba mji wa mimba hutangatanga mwilini kama mnyama na kumkaba mwanamke koo. Wengine walipasua wanyama, wakaona mji wao wa mimba una pembe, na wa mwanamke wakauchora hivyohivyo. Pembe! Vitabu hivyo vilisomwa karne nyingi. Mwenye mwili alikuwepo, akipika chakula chao, hakuna aliyemuuliza. Nenda darasani. Jioni nitakuja kupimwa aproni, kama mteja tu."

Jioni alikuja kweli. Shangazi alizungusha futi ya kupimia kiunoni mwa mkunga, naye akamtazama viganja na ndani ya kope.

"Fundi, umepauka kama karatasi. Unatoka damu tangu lini?"

Futi ikaanguka. Shangazi alimgeukia Jicho polepole.

"Umenitangaza?"

"Nimeuliza tu, shangazi."

"Umenitangaza! Nimekulea, nimekufundisha kazi, unanipeleka zahanati kama kifurushi!" Kisha akamgeukia mkunga. "Na wewe unapata nini hapa? Mama yangu alikwenda hospitali na maumivu haya haya. Nilimshika mkono mimi. Daktari hakumgusa hata kwa kidole. Alisema ni mambo ya wanawake, atazoea. Wakacheka na mwenzake. Hakuzoea. Tulimzika."

Mkunga hakujitetea. "Walimkosea mama yako," alisema. "Sitawatetea, na usiwasamehe kwa ajili yangu. Ila chupa ile haitamlipia kisasi. Kesho twende pamoja, nitaingia na wewe chumbani. Daktari akicheka, atanicheka na mimi."

"Siendi."

Ndipo Jicho alipouliza: "Shangazi, bibi alikufa kwa nini?"

"Nimeshakwambia. Tumbo."

"Tumbo gani?"

Shangazi akainama kuokota futi.

"Siku moja na mimi nitaulizwa wewe ulikufa kwa nini. Nijibu tumbo?"

Cherehani ya shangazi ilikuwa na kifuniko cha mbao ambacho hakikuwahi kufungwa siku ya kazi. Shangazi aliketi, akaitazama sindano. Kisha akainuka, akashika ukuta, akakifunga kile kifuniko.

"Twende sasa hivi," alisema. "Nikilala nitabadili mawazo."

Hospitalini alifika hoi. Alitiwa damu usiku uleule. Mashine ya kupiga picha ya tumbo ilionyesha uvimbe mkubwa kwenye ukuta wa mji wa mimba, na mwingine mdogo pembeni. Daktari alimweleza yote mbele ya mkunga, na hakuna aliyecheka. Aliandaliwa, akafanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa. Daktari alisema dawa ya Bibi Chupa, kwa kuzidisha damu iliyokuwa ikitoka, ingeweza kummaliza kabla ya Jumapili. Jicho alipoyasikia maneno hayo alikwenda nyuma ya wodi akalia peke yake, kwa hofu iliyochelewa.

Shangazi aliporudi nyumbani, tumbo lilikuwa limelala na uso umepata rangi. Uani walikuwa wamekusanyika bombani. Mama Redio aliinua ndoo, akatabasamu kwa upande.

"Pole sana, fundi. Tumesikia ni... mambo ya tumbo."

"Mji wa mimba, jirani," shangazi alijibu kwa sauti ileile anayotumia kutaja bei ya zipu. "Ulikuwa na uvimbe. Umetolewa. Mambo ya tumbo ni kuharisha."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Binti ya Mama Redio alitazama miguu yake. Lakini kabla ya magharibi, Mama Redio mwenyewe alibisha mlangoni, akaingia, akavuta pazia. Alianza kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kama anayo.

"Fundi, hebu niambie. Hiyo damu... ilianzaje?"

Shangazi alilifungua pazia. "Kaa," alimwambia. "Hapa hatunong'oni." Wakazungumza mpaka giza likaingia, na asubuhi yake mkunga alipata mgonjwa mwingine.

Jicho alisubiri mama yule atoke. Kisha akasema lililokuwa likimkereketa: "Shangazi, nisamehe. Na mimi nilikushuku. Nilidhani kama wao."

Shangazi alimvuta karibu, kwa uangalifu, kwa sababu mshono wa upasuaji bado ulimuuma.

"Kushuku si kosa, mwanangu. Nilikuwa nakuficha, ungeacha vipi kushuku? Kosa lako ni kwamba majuma yote yale ulilitazama tumbo langu na kunijibu 'Eh.' Siku ulipoishuku hadithi yao, ukaenda kumuuliza anayejua, ndiyo siku uliyoniokoa. Na kosa langu ni kubwa kuliko lako. Niliona haya kutaja kiungo changu mwenyewe, nikakaribia kufa kwa haya. Wapo waliotufundisha haya hiyo, na mimi sitakufundisha wewe. Ukiumwa, taja panapouma kwa jina lake. Ukiambiwa utazoea, kataa, tafuta mwingine wa kumuuliza."

Jicho aliitikia kwa kichwa.

"Na damu yako ya kwanza ikija," shangazi aliongeza, "njoo uniambie kwa sauti yako ya kawaida, kama unavyoniambia uzi umekwisha."