Chupa ya Susu Dirishani

Siku kitanda cha Susu kilipotolewa nje kuanikwa juani, Muthoki alikuwa akifagia kama kila asubuhi. Susu, ndivyo alivyomwita nyanya yake, alikuwa amezikwa jana yake. Vitu vyake vingine havikuguswa. Vilingoja wajomba warudi mjini Sultan Hamud kuvigawa. Ndiyo maana chupa ya dawa yake ya kikohozi ilibaki dirishani.

Kila jioni Susu alikuwa akimkuna Muthoki mgongoni kwa kucha zake ngumu. Jioni hiyo hakuna aliyemkuna. Kwa kumkosa Susu, Muthoki akaonja dawa yake. Ilikuwa tamu, na nyuma ya utamu kulikuwa na uchungu. Punde kifua kilichombana kikalegea, akahisi kana kwamba Susu amerudi na kuketi nyuma yake. Kesho yake akaonja tena, na siku zilizofuata pia. Kila alipoipunguza, alijazia chai ya rangi.

Kisha raha ikaanza kumkimbia. Akinywa, hahisi kitu. Asipokunywa, makamasi yanamtiririka, tumbo linamsokota, na ngozi inamsimka kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hata uji ulimchefua.

"We Muthoki, unataka kumeza ubao?" Kivuva, jirani yake wa dawati, alimtania alipomwona akipiga miayo darasani. Darasa likacheka. Muthoki hakucheka. Aliamini ugonjwa uliomuua Susu umemhamia, na akiusema ataulizwa habari za chupa.

Jumamosi mdogo wake Mulei, aliyekuwa bado anatambaa, alikohoa mchana kutwa. Mama akaichukua chupa dirishani.

"Kaka zangu hawatanigombeza kwa kijiko kimoja," akasema. "Fungua mdomo, baba."

Muthoki akawakimbilia. Aliona akilini kaburi dogo kando ya lile la Susu.

"Mama, usimpe."

"Kwa nini?"

"Nimekuwa nikiinywa. Nikatia chai. Na sasa naumwa kama Susu."

Kijiko kikabaki hewani. Mama hakumchapa. Alimbeba Mulei mgongoni, akachukua chupa, akamshika Muthoki mkono, wakaenda zahanati kwa muuguzi, Sista Nyawira.

Sista aliwasikiliza, akasoma maandishi ya chupa, akaifunika. "Mama Muthoki, hii ingemzima mtoto pumzi." Akamgeukia Muthoki. "Huna ugonjwa wa nyanya yako. Ndani ya ubongo kuna vilango vidogo sana. Mwili una dawa yake ya kuvibishia hodi: ukicheka, ukila una njaa, ukikunwa na mtu unayempenda, vinafunguka, nawe unaona raha. Dawa hii ni ya jamii ya afyuni, ile inayolevya. Huvifungua kwa kuvipiga teke. Vikizoea teke, havisikii hodi tena. Ndiyo maana uji unakuchefua. Na dawa ikikosekana, mwili wote unalia."

"Vitabaki hivyo milele?" Muthoki aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Utaumwa kidogo, halafu vitaanza kusikia tena. Lakini shika hili: dawa ni ya mgonjwa aliyeandikiwa, kwa mwingine ni sumu. Na huzuni hainywewi kwa kijiko, mwanangu, huambiwa mtu. Leo uliogopa na bado ukasema kweli, ukamwokoa ndugu yako."

Chupa ilibaki kwa Sista. Muthoki aliumwa, akapona, na uji sasa anaumaliza. Jioni, Mulei akishalala, mama humkuna mgongoni. Kucha zake ni fupi kuliko za Susu.