Wiki Tisa za Gari Jeupe

Jumamosi hiyo yadi ya magari pale Mwanga ilijaa watu wanaofungua boneti na kupiga matairi mateke, na karibu wote walikuja na mtu: mume, kaka, shemeji, au fundi wa mtaani. Edina, mtaalamu wa maabara aliyeletwa Kigoma kikazi kutoka Njombe, alikuja na mkoba wake tu. Gauni lake la kitenge cha njano alilipiga pasi kwa ajili ya safari hiyo, maana Jumamosi nyingine hakuwa na pa kulivalia.

"Umekuja na nani, dada?" aliuliza muuzaji, Bonaventura, kijana mrefu aliyechomekea shati.

"Nimekuja na akili zangu."

Bonaventura alicheka mpaka wateja wakageuka. "Basi leo nimepatikana!"

Gari jeupe lilikuwa la milioni kumi na tisa. Edina akataja kumi na sita.

"Dada, unataka nirudi kwetu Kidahwe kwa miguu?" Akapunguza laki moja, akaomba namba ya simu ili ampigie akishaongea na bosi.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. "Mwakeye, mteja wangu," alimwamkia kwa Kiha. "Bosi kalainika kidogo."

"Bado ghali."

Ikawa hivyo kila baada ya siku mbili tatu. Bei ilishuka polepole, mazungumzo yakarefuka: amekula nini, Njombe baridi ikoje, mbona sauti ina mafua. Jumapili wakawa wanakutana Kibirizi, ufukweni, kula migebuka wa kukaanga. Kwenye simu, "mteja wangu" ikawa "mpenzi mteja". Kwa miaka mitatu Edina alikuwa akifunga mlango wa chumba chake Kasingirima jioni, na hakuna aliyejua kama yumo au hayumo. Sasa alikuwepo wa kumuuliza.

Wiki ya tisa wakaafikiana milioni kumi na saba na nusu. Ankara ilipoletwa, ilisoma kumi na nane na laki tatu. Edina, ambaye kazi yake ni kutafuta vijidudu, alipitia mstari kwa mstari.

"Maandalizi, laki tatu na nusu. Maandalizi gani, kuoshwa?"

"Hiyo naifuta."

"Gharama nyinginezo, laki nne na nusu. Ni nini?"

Bona alitazama viatu vyake. "Ni... za yadi."

"Kumbe mapenzi yote yale yalikuwa ya kunichomekea laki nne na nusu!"

Akaiacha ankara mezani, akaondoka. Simu ziliita, hakupokea. Siku ya kumi na mbili hazikuita tena, na ukimya wa chumba ukamwelemea. Jumapili alinunua migebuka wawili kwa mazoea. Alikula mmoja, wa pili akabaki kwenye sahani hadi asubuhi.

Jumatatu alirudi yadi, akijiambia anafuata gari. Veneranda, mhasibu, alimfungulia daftari.

"Nyinginezo ni ada ya kulizuia gari, dada. Elfu hamsini kwa wiki, na hapa hubebwa na mnunuzi. Wateja wanne walilitaka. Bona aliwaambia lina mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile ulipokuja."

Bona alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda.

"Ungeniambia," Edina alisema.

"Nikuambie kwamba bosi alikubali kumi na saba na nusu tangu siku ya pili? Nilikuwa naishusha vipande vipande ili kesho nipate la kukupigia. Halafu nikakuficha ada, kwa woga. Nimekosa, Edina. Nitailipa mimi."

Edina aliweka mkoba mezani. "Mimi nilikuwa na milioni kumi na tisa benki kabla sijakanyaga hapa."

"Sasa mbona ulikuwa unalia ghali?"

"Nikishalipa, nani angenipigia?"

Hakuna aliyecheka, hata Veneranda.

"Basi nikutajie gharama zangu zote mapema," Bona alisema taratibu. "Nina mama Kidahwe, miguu inamsumbua. Wadogo wawili wako shule. Chumba changu kinavuja. Na nataka nikuoe."

Edina akalia palepale, mbele ya wateja, bila aibu.

"Twende kwa mama," alisema. "Ila uendeshe wewe. Mimi sijui kuendesha, Bona. Nilitaka tu kitu cha kunitoa ndani."