Hogo la Mwanakombo

Kila Jumamosi asubuhi Mwanakombo alifagia uwanja, akaanika makopa ya muhogo kwenye jamvi, kisha akaifuta vumbi baiskeli ya mama yake kwa kipande cha kanga kuukuu. Ilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria pana ya kubebea magunia ya muhogo. Siku nyingine zote ilikuwa ya kazi. Jumamosi, kazi zikiisha, ilikuwa ya Mwanakombo.

"Usiniharibie baiskeli yangu," alisema mama yake, Bi Rukia.

"Haitaharibika, mama."

"Na wewe usiumie."

"Siumii mimi."

Hapo alisema kweli. Walioumia walikuwa wenzake.

Watoto wa kijiji chao cha Mahurunga walikuwa na mbio zao walizoziita teke ruksa. Walianzia juu, kwenye mikorosho iliyo nyuma ya shule, wakashuka barabara ya udongo mwekundu hadi kwenye kalavati, pale mashamba ya mpunga ya bonde la Ruvuma yanapoanzia. Aliyefika kwanza ndiye mshindi. Njiani ungeweza kumpiga mwenzako kiwiko, kumsukuma, au kumpiga teke baiskeli yake mpaka aanguke. Wazazi waliambiwa kwamba ni mbio tu.

Mwanakombo alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, miguu mirefu, na hasira zake zilikuwa karibu kama moto wa mabua. Tusidanganyane, hakuna aliyepiga mateke kumshinda. Jumamosi iliyopita alikuwa amempiga teke Sudi, mwanafunzi mwenzake, akamtupa mtaroni. Sudi aliinuka na jino moja pungufu, damu ikimchuruzika kidevuni, na watoto wote wakamcheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mwanakombo.

Kwa hiyo Jumamosi hii Sudi hakuja kushindana. Alikuja kulipa.

Walipotoka kwenye mikorosho walikuwa sita. Kwenye kona ya kwanza wawili walishikana mashati wakaangukia vichakani. Mwanakombo alimpiga kiwiko mwingine mbavuni, akapita. Mbele kulikuwa kweupe na upepo ulimpiga usoni. Akajiona ameshashinda.

Hakumsikia Sudi akija upande wa kushoto. Alichokiona ni mguu tu. Teke lilitua kwenye gurudumu la mbele, usukani ukapinda, na Mwanakombo akaruka juu ya baiskeli. Aliangukia mkono wa kushoto. Ukatoa mlio anaoujua kila mtoto wa Mahurunga, mlio wa kijiti cha muhogo kinapovunjwa ili kipandwe.

Alipiga yowe mpaka watu wa mashamba ya mpunga wakaacha majembe.

Kwenye zahanati, Nesi Esta aliufunga mkono ule kwa vibao viwili, akamtafutia gari la kumpeleka hospitali mjini Mtwara. Huko daktari aliunyoosha mfupa, akauzungushia plasta nyeupe toka kwenye kiganja hadi juu ya kiwiko. Ilipokauka ikawa ngumu na nene, na watu huiita hogo, yaani muhogo mkubwa.

"Hili lisilowe maji," alisema daktari. "Na lisitolewe mpaka mimi niseme. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dokta," alijibu Mwanakombo. Alikuwa anawaza jinsi atakavyomng'oa Sudi meno yaliyobaki.

Huku nyuma, teke lile liliendelea kutembea kijijini. Ramadhani, kaka yake Mwanakombo, alimvizia Sudi kisimani akamzaba makofi mpaka sikio likamvimba. Jioni Bwana Yusufu, babake Sudi, alifika nyumbani kwa Bi Rukia na fimbo mkononi. Aliukuta mlango umefungwa, akaupiga teke ubao mmoja ukapasuka. Ramadhani alitoka na mchi. Fimbo ilimpata Ramadhani begani, mchi ukampata Bwana Yusufu kwenye goti, na majirani ndio waliowaamua. Bi Rukia alisimama katikati yao akilia kwa hasira.

"Mnapigania nini?" aliwauliza. "Watoto wameumia, na nyinyi mnataka kuongeza majeruhi?"

Bwana Yusufu aliondoka akichechemea, wala hakuaga.

Shuleni Mwanakombo alianza kutaniwa. Katika kijiji ambacho kila nyumba ina shamba la muhogo, mtu mwenye hogo mkononi hawezi kuachwa hivihivi.

"Kombo, hogo lako litavunwa lini?" waliuliza wenzake.

"Likiiva utuite tule," alisema Sudi, na safari hii akacheka yeye.

Mwanakombo alihisi kifua kinawaka. Wiki zikapita, mkono ukawa unawasha ndani ya plasta, na kila Jumamosi aliwasikia wenzake wakipiga kelele mteremkoni. Sudi ndiye aliyekuwa akishinda sasa. Hilo lilimuuma kuliko mfupa.

Jumamosi moja Bi Rukia alikwenda shamba mapema. Jikoni kulikuwa na ndoo ya muhogo aliouloweka. Mwanakombo aliitazama ile ndoo. Muhogo mgumu ukilowekwa hulainika, mama yake alikuwa akifanya hivyo maisha yake yote. Basi na hogo je?

Akautumbukiza mkono wote katikati ya muhogo.

Maji yaligeuka meupe kama uji. Plasta ilipolainika, alichukua kisu cha jikoni, akaanza kuimenya kuanzia kwenye kiwiko, ganda kwa ganda. Kisu kilimteleza mara moja kikamkata, damu ikaingia kwenye maji. Hakujali. Mkono uliotoka mle ndani ulikuwa mwembamba, ngozi imebabuka, unanuka. Alijaribu kukunja ngumi. Vidole vilikunjika nusu tu.

"Inatosha," alijiambia. Akachukua baiskeli.

Wenzake walipomwona chini ya mikorosho walimkodolea macho. Sudi ndiye aliyesema kwanza.

"Wee Kombo, umepona?"

"Utajua huko chini."

Waliondoka. Mwanakombo hakutazama kalavati wala barabara. Alikuwa anautazama mgongo wa Sudi tu. Baiskeli ilidunda kwenye mawe, na kila ilipodunda maumivu yalipanda hadi begani, machozi yakamtoka, lakini akazidi kukanyaga. Alimfikia kwenye kona ya pili. Sudi aligeuka, akaona anachokuja nacho, akapaza sauti, "Acha!"

Mwanakombo alimpiga teke la ubavu. Sudi alitoka barabarani na baiskeli yake, akaenda uso kwa uso na mkorosho.

Mwanakombo alicheka. Kicheko hakikuisha, kwa sababu mbele yake kalavati lilikuwa limeshafika, na juu yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anavuka. Breki ya nyuma iko upande wa kushoto. Alibana. Vidole vilivyokunjika nusu havikuweza kuuvuta ule mkono wa breki. Akabana ya mbele kwa nguvu zake zote, gurudumu la mbele likasimama papo hapo, na lile la nyuma likampindukia. Mwanamke aliruka pembeni. Mwanakombo aligonga ukingo wa kalavati kwa mkono uleule.

Safari hii hakupiga yowe. Maumivu yalikuwa makubwa mno. Alilala pale akiutazama mkono wake, umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na kwa mara ya kwanza aliogopa kweli. Kisha akasikia mtu anagumia kule juu kwenye kona, na alipogeuza kichwa alimwona Sudi amekaa chini, viganja vyote viwili usoni, damu inapita katikati ya vidole.

Zahanati ina benchi moja. Bi Rukia alikaa upande huu, Bwana Yusufu upande ule, na katikati yao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Ndani, Nesi Esta alikuwa anamshona Sudi juu ya jicho. Kila sindano ilipoingia Sudi alipiga kelele, na kila alipopiga kelele Bwana Yusufu alishtuka. Mwishowe Bi Rukia akasogea, akajaza ile nafasi.

"Pole, baba Sudi," alisema.

"Pole na wewe, Bi Rukia," alijibu. "Ule mlango wako nitautengeneza."

Mjini, daktari aliitazama picha ya mkono akatikisa kichwa. Mfupa ulikuwa umeanza kushika, sasa umevunjika tena palepale, na umekaa upande. Walimshika watu wawili, daktari akauvuta. Hata baada ya sindano ya ganzi Mwanakombo alimng'ata Bi Rukia begani mpaka meno yakaacha alama kwenye kanga.

"Dokta, nitashika usukani tena?" aliuliza walipomaliza.

"Sijui," alisema daktari. "Ukiuacha mfupa ufanye kazi yake, huenda ukashika. Ukiulazimisha mara ya tatu, hutashika hata kijiko."

Usiku ule Mwanakombo alilia, si kwa maumivu. Alilia kwa sababu ya lile neno sijui.

Hogo la pili alilitunza kama yai. Alipooga aliliinua juu. Wenzake walipomtania aliwaambia, "Bado halijakomaa, subirini," na kwa kuwa hakukasirika, utani ukapoteza ladha. Sudi alirudi shuleni na kovu juu ya jicho. Kwa siku kadhaa walikwepana. Halafu siku moja, wakati wa mapumziko, Mwanakombo alimfuata.

"Lile teke la ubavu, nilikukosea," alisema. "Na lile la jino pia."

Sudi alichezea kovu lake. "Mimi ndiye niliyekuvunja mkono."

"Mara ya kwanza. Mara ya pili nimeuvunja mwenyewe."

Sudi hakuweza kujizuia, akacheka, na Mwanakombo naye akacheka.

Plasta ilipotolewa na daktari mwenyewe, mkono ulikuwa dhaifu lakini umenyooka. Daktari alimpa mazoezi ya kubana kitambaa kilichoviringishwa. Akamwambia pia kwamba kushuka mlima kwa kasi hakuruhusiwi kwa muda mrefu.

"Na kupanda?" aliuliza Mwanakombo.

Daktari aliwaza kidogo. "Kupanda, panda. Nani anapenda kupanda?"

Hakuna aliyependa, hata Mwanakombo mwenyewe. Lakini kila siku mama yake alitoka bondeni na gunia la muhogo kwenye keria, akisukuma baiskeli hadi juu. Mwanakombo akaanza kusukuma naye. Baadaye, gunia liliposhushwa, alirudi chini akiikokota baiskeli, kisha akajaribu kuupanda mlima ameikalia. Mara ya kwanza alifika kwenye mkorosho wa Sudi, ule aliougonga kwa uso, akakwama. Kesho yake akaupita. Aligundua kwamba mlima una akili zake. Lazima ukanyage taratibu, uvute pumzi, uchague njia katikati ya mawe. Jioni alilala akiuwaza. Hakuwahi kuwaza hivyo juu ya mteremko.

Wakati huo Mwalimu Erasto, mwalimu wa michezo, alikuwa amepiga marufuku teke ruksa. Watoto walinuna. Mwanakombo akanyoosha mkono darasani, ule wa kushoto.

"Mwalimu, tushindane kupanda."

"Na mateke yenu?" aliuliza mwalimu. "Nitawalinda vipi njia nzima?"

"Anayetaka kupiga, mwalimu, mwache apige. Ataona mwenyewe."

Siku ya mashindano wazazi walijipanga hadi juu. Walioanza kwenye kalavati walikuwa wanane. Kwenye kona ya chini mvulana mmoja alitoa mguu amtie mwenzake teke. Baiskeli yake ikasimama, ikayumba, ikaanguka naye, na aliyekusudiwa kupigwa akaenda zake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wa pili naye akajaribu, akaangukia mtaroni.

Karibu na shule walibaki wawili mbele, Mwanakombo na Sudi, wanahema bega kwa bega. Gurudumu la Sudi likasogea karibu, karibu kabisa, na Mwanakombo akahisi mguu wake wa kushoto unaondoka kwenye pedali. Hakuutuma. Ulijiendea wenyewe, kwa mazoea. Baiskeli ikayumba. Mlima ukaanza kumrudisha nyuma.

Akaurudisha mguu. Akakanyaga kwa nguvu zote, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani, wa kushoto ukitetemeka lakini hauachii. Sudi alikuwa ameshatangulia kwa urefu wa baiskeli moja. Wakafika hivyo, Sudi wa kwanza, Mwanakombo wa pili.

Bwana Yusufu alimbeba mwanawe juu kwa shangwe, kisha akaja kumshika Mwanakombo kichwa. Bi Rukia alimpa binti yake maji, akamngoja anywe.

"Nimekuona," alisema. "Mguu ulitoka."

Mwanakombo aliinamisha uso. "Ulirudi, mama."

"Ulirudi, ndiyo maana umefika. Sikiliza, mwanangu. Ulipompiga Sudi, Sudi akakupiga, kaka yako akampiga Sudi, mlango wangu ukapasuka, na mkono wako ukavunjika mara mbili. Teke halikai pale ulipolituma. Na mguu ukiwa kwa mwenzako, nani anakukanyagia pedali yako?"

"Hakuna, mama."

"Basi uuweke hapohapo."

Sudi alikuja akikokota baiskeli yake. "Kombo, twende chini tukanywe maji kisimani?"

Waliutazama mteremko mwekundu, uleule. Watoto wengine walisogea kuwatazama. Mwanakombo akashuka kwenye baiskeli, akaushika mkono wa breki ya nyuma kwa vidole vya kushoto, vikakunjika vyote. Wakashuka kwa miguu, pole pole, baiskeli zao ubavuni.