Sakafu Iliyomkohoza Kemilembe

Ildefons alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na magauni barazani kwake, Bilele, mjini Bukoba. Mke wake, Felicitas, alichoma ndizi hapo hapo pembeni. Mteja akija kupimwa kiuno, alikula ndizi akisubiri. Siku ya kuchukua gauni, kiuno kimeongezeka. Gauni linafumuliwa, na mteja anakula ndizi nyingine. Kwa namna hiyo nyumba ilipata riziki.

Walikuwa na mtoto mmoja, Kemilembe, wa miezi mitano. Alikuwa na mashavu ya kuvutwa na kila mpita njia.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha mfululizo. Mto Kanoni ulifurika, na maji yakaingia ndani mpaka magotini. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Harufu yake haikuwa ya chai, maana njiani yalikuwa yamepitia vyoo vya watu. Yalipoondoka yaliacha tope, vifuniko vya soda, na kandambili moja ya mtu asiyejulikana.

Waliondoa tope na kufagia. Lakini sakafu ya sementi haikukauka. Ukikanyaga asubuhi, unyayo unatoka na maji.

Kokubanza, mama yake Ildefons, alipopata habari alipanda basi kutoka Nshamba. Alishuka na mkungu wa ndizi na mzigo mkubwa wa nyasi.

"Mawe, nyasi za nini?" Ildefons aliuliza, akimwita mama yake kwa Kihaya.

"Za kutandika. Nyumba yetu imetandikwa nyasi tangu enzi za babu yako. Umewahi kusikia babu yako amelalamikia sakafu?"

"Babu alilalamikia kila kitu, mawe."

"Sakafu hakuilalamikia. Tandika!"

Wakatandika chumbani na sebuleni. Nyumba ikanukia vizuri, kama nyumba inayongoja wageni wa posa. Ildefons akaona aongeze ustaarabu wa mjini. Alinunua kapeti la plastiki lenye maua makubwa, akalitandaza juu ya nyasi. Kokubanza alilitazama, akatikisa kichwa, akarudi Nshamba.

Haikupita wiki mbili, nyumba ikaanza kunuka uchachu. Felicitas alimshuku Ildefons kwa soksi zake. Soksi zikafuliwa, na harufu ikabaki. Ukutani, chini karibu na kitanda, yakatokea madoa meusi yenye manyoya kama ya panya.

Kisha Kemilembe akaanza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi kidogo. Baadaye kifua kikaanza kulia. Mtoto akivuta pumzi, unasikia mluzi mwembamba. Ildefons aliusikia hata akiwa barazani, cherehani ikinguruma. Alikuwa akisimamisha mguu kwenye pedali na kusikiliza. Ule mluzi ukikatika kidogo, moyo wake nao unasimama.

Asubuhi moja Felicitas alimfunua mtoto nguo, akapiga kelele.

"Baba Kemi! Njoo uone mbavu!"

Kila Kemilembe alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilizama ndani. Hakutaka kunyonya. Walikimbia naye hospitali, Ildefons akiwa na futi ya kupimia bado shingoni.

Muuguzi alimpokea mara moja. Mtoto aliwekewa hewa na kupewa dawa, akalazwa. Alipotulia, muuguzi aliwauliza, "Mtoto huyu analala wapi?"

"Kitandani na sisi," alijibu Felicitas.

"Nyumba ikoje? Ina unyevu? Ina ukungu?"

Mke na mume walitazamana. Felicitas akasema yote: mafuriko, nyasi, kapeti, madoa.

"Basi nisikilizeni," alisema muuguzi. "Dawa itamponya. Lakini akirudi kwenye ukungu, kifua kinaweza kubana tena, na safari nyingine msiwahi kufika. Nyumba ikauke kwanza. Na popote mlipo, mkiona mbavu zinazama namna hii, au hataki kunyonya, msingoje jioni. Mleteni hapo hapo."

Kemilembe aliporuhusiwa, Felicitas hakwenda Bilele. Alisimama kituo cha mabasi, mtoto mgongoni.

"Nakwenda Nshamba kwa mama yako," alisema. "Siku sakafu ikikauka nitarudi. Isipokauka, cherehani utalala nayo wewe."

Ildefons alirudi peke yake. Alikunja kapeti. Chini yake nyasi zilikuwa nyeusi, zimelowa, zinateleza. Alizizoa akazitupa. Kisha akafikiri, maji hukaushwa na moto. Akawasha majiko mawili ya mkaa, akayaingiza chumbani, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoroke. Akakaa kwenye kigoda kungoja.

Mchana huo Edvina alipita kuchukua suruali yake. Edvina alikuwa mwanamke mwashi wa Buhembe. Alikuwa na mikono mipana na mdomo usiofungwa. Alisikia harufu ya nyasi zilizooza tangu uani.

"Ildefons! Mnakanyaga ndizi za pombe ya rubisi humu ndani? Mbona hamkualika watu?"

Kimya.

"Ildefons waitu, ndugu yetu, suruali yangu!"

Kimya tena. Edvina akausukuma mlango wa chumbani. Joto lilimpiga usoni. Ildefons alikuwa ameanguka sakafuni, mate yanamtoka, kigoda kimelala ubavu. Edvina alibana pumzi, akafungua dirisha, akamshika makwapani, akamburuta hadi uani.

Majirani walikuja mbio. Mmoja alitaka kummwagia maji.

"Maji ya nini? Maji ndiyo yaliyomleta hapa!" Edvina alifoka. "Tokeni mbele yake, apate hewa! Leteni pikipiki!"

Ildefons alifumbua macho, akatapika. Kichwa kilimpasuka. Hata hivyo Edvina hakumwacha. Alimpakia pikipiki, akakaa nyuma yake kumzuia asianguke, wakaenda hospitali. Muuguzi yule yule alimwona.

"Kumbe leo zamu ya baba," alisema.

Jioni Ildefons alirudi akiwa hai na mwenye aibu. Edvina alikuwa hajamaliza kumsema.

"Moshi wa mkaa usiouona ndio unaoua. Hauna rangi wala harufu. Jiko la mkaa halikai ndani ya chumba kilichofungwa, iwe kwa kukausha, iwe kwa kuota moto. Ungekufa na suruali yangu haina zipu!"

"Nisamehe, dada Edvina. Nilitaka mtoto arudi."

Edvina aliposikia habari za mtoto, sauti ilishuka. Alivua viatu, akaingia, akatembea pole pole ndani ya nyumba. Alichukua nyundo, akaanza kugonga sakafu kwa mpini. Sebuleni ilitoa sauti kavu, ko, ko, ko. Chumbani, karibu na kitanda, ikatoa sauti nyingine, bu, bu, bu.

"Umesikia?"

"Kama ngoma."

"Ni ngoma. Chini hapa hakuna udongo. Maji yameuchimba yakaondoka nao. Umelala na mke na mtoto juu ya shimo."

Ildefons alirudi nyuma hatua moja, hadi mlangoni.

"Sasa nimwage sementi juu, iwe nene?"

"Umwage sementi juu ya shimo? Wewe ukikuta nguo imeoza, unashonea kiraka juu ya uozo?"

"Hapana. Nakata mpaka nifike kwenye kitambaa kizima."

"Basi hata mimi ni fundi cherehani. Kesho tunakata."

Kesho yake walizima umeme kwenye swichi kubwa, maana soketi za chini zilikuwa zimeingiwa na maji, na fundi umeme alipaswa kuzikagua kwanza. Walivaa mabuti na glavu na kufunga vitambaa puani. Walifungua milango na madirisha yote. Walisugua sakafu na kuta kwa maji na sabuni. Halafu wakapaka jiki iliyochanganywa na maji.

"Jiki na maji tu," Edvina alionya. "Usiichanganye na dawa nyingine ya choo wala ya vyombo. Inatoa hewa ya kuchoma mapafu. Wewe mapafu yako bado nayahurumia."

Kisha wakavunja sakafu ya chumbani, sehemu ile inayolia bu. Sementi ilianguka yenyewe ndani ya shimo. Mkono wa Edvina uliingia hadi kiwikoni, ukatoka na tope baridi. Shimo lilielekea kwenye kona ya nyumba. Walitoka nje kuangalia. Hapo hapo konani maji ya paa yalikuwa yakimwagika moja kwa moja chini, miaka yote, bila mfereji.

"Kanoni imekuja mara moja," alisema Edvina. "Lakini paa lako linachimba nyumba kila mvua."

Simu iliita. Alikuwa Felicitas. Ildefons alisogea pembeni kupokea.

"Sakafu imekauka?"

"Inakaribia."

Edvina alimnyang'anya simu. "Shemeji, usimsikilize. Haijakauka. Hata sakafu yenyewe chumbani haipo. Mtoto anaendeleaje?"

"Anapumua vizuri huku. Anacheka. Lakini mama anataka kusema."

Sauti ya Kokubanza ilijaa kwenye simu. "Nasikia mnasema nyasi zangu zimemuuguza mjukuu! Hapa kwangu analala juu ya nyasi na hakohoi!"

"Mama, nyasi zako hazina kosa," alisema Edvina. "Kwako nyumba iko mlimani, chini ni udongo mkavu, na nyasi unazibadilisha zikichoka. Huku chini kulikuwa na maji, na juu mwanao kaweka kapeti la plastiki. Ni kama chungu na mfuniko. Vikapikika."

Kokubanza alisonya. "Hilo kapeti nililichukia tangu nilipoliona."

Kazi ikaendelea. Walitoa tope lote, wakaacha shimo wazi lipigwe na upepo. Walijaza mawe na udongo mkavu wa changarawe, wakashindilia kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mikono ikawaka. Juu wakatandaza nailoni nzito isiyotoboka. Vipande vyake vilipandiana kwa upana wa kiganja na nusu, na kingo zikapandishwa kidogo ukutani.

"Nailoni hii inazuia unyevu wa chini usipande," alieleza Edvina. "Ukiitoboa kwa sepetu, umetoboa kazi yote."

Wakamwaga zege, kisha wakasawazisha kwa sementi na mchanga. Ildefons alitaka kushangilia, akaambiwa bado. Wiki nzima alimwagilia ile sementi mpya asubuhi na jioni.

"Nimekesha nikilia maji yatoke," alinung'unika, "sasa unaniambia niyarudishe!"

"Sementi hukomaa kwa maji. Ikikauka haraka inapasuka. Ikishakomaa, ndipo tutaiacha ikauke taratibu, madirisha wazi. Bila majiko!"

Walifunga mfereji wa bati kwenye paa, wakachimba mtaro wa kupeleka maji mbali na kona, wakainua kizingiti cha mlango.

"Sasa Kanoni haitaingia tena?" aliuliza Ildefons.

"Sikudanganyi. Maji ya mvua yatazuilika. Kanoni ikiamua kuja yote, mbebe mtoto, panda mlimani. Nyumba tutaikuta."

Zikapita wiki. Felicitas alipiga simu kila jioni, na kila jioni Ildefons alijibu ukweli, bado. Siku moja sakafu ikaonekana nyeupe na kavu. Ildefons akalinyoosha kapeti lake. Edvina akamzuia. Alikata kipande cha nailoni nyepesi, akakibandika chini sebuleni kwa utepe wa gundi pande zote nne. Kingine akakibandika chumbani.

Kesho yake walipiga magoti. Chumbani nailoni ilikuwa safi. Sebuleni, kwenye sakafu ile ya zamani, chini ya nailoni kulikuwa na vitone vya maji, vidogo kama jasho la pua.

"Jicho linaona pakavu," alisema Edvina. "Nailoni inaona maji. Subiri."

Ildefons alikaa chini, akaficha uso mikononi. Lakini alisubiri.

Kabla hawajapima tena, mvua kubwa ikashuka. Mchana uligeuka giza. Barabarani maji yalipanda. Ildefons alisimama kizingitini na ufagio, kana kwamba mto hufukuzwa kwa ufagio. Maji ya paa yaliingia kwenye mfereji, yakashuka mtaroni, yakajaa mpaka ukingoni. Yalisita hapo. Ildefons aliacha hata kupepesa macho. Kisha yakapinda, yakafuata mtaro, yakaenda zake. Alikimbia chumbani, akapapasa ile kona kwa viganja. Pakavu.

Walisubiri siku nyingine za jua, wakabandika nailoni upya. Safari hii hapakuwa na kitone popote. Ildefons alipiga simu. "Mama Kemi, njooni."

Walikuja wote watatu. Kokubanza aliingia wa kwanza. Alivua viatu, akatembea chumba kizima. Akalala chini, akaweka shavu lake sakafuni, akavuta pumzi kwa pua. Watu wote walimngoja.

"Mlete mtoto," alisema.

Kitanda kilisogezwa mbali kidogo na ukuta, hewa ipite. Kapeti la maua lilikuwa uani, Felicitas ameanika maharage juu yake. Kemilembe alinyonya, akalazwa.

Ildefons alirudi kwenye cherehani. Baada ya muda alisimamisha mguu kwenye pedali, akasikiliza. Hakusikia mluzi. Akasikiliza tena. Kimya kabisa. Aliacha gauni la mtu likiwa chini ya sindano, akaingia mbio, akamnyanyua mtoto kitandani.

"Kemi! Kemi!"

Kemilembe alifumbua macho, akamtazama baba yake kwa hasira, akapiga kelele zilizofika mpaka kwa jirani. Kelele nene, za kifua kizima.

"Wewe una kichaa?" Felicitas aliuliza kutoka mlangoni. "Ndiyo kwanza amelala!"

"Sikumsikia akipumua," alisema Ildefons.

"Mtu mwenye afya hasikiki akipumua! Hebu mrudishe!"

Alimrudisha. Kisha akakaa chini, hapo hapo sakafuni kando ya kitanda, akaegemea, akausikiliza ukimya mpaka wateja wakaanza kumwita barazani.