Bodi Mbili, Macho ya Mama

Jioni ile Flashi alikuwa na safari moja tu: kwenda kwa shemeji yake, kuchagua kamera, kurudi kwake. Basi. Hakukusudia kukaa hata kwa kikombe cha chai.

Kamera zilikuwa mbili, zote za marehemu kaka yake. Moja ilikuwa bodi, ndivyo tuitavyo kamera bila lenzi, ya zamani, miaka kumi na moja kazini, mpira wake wa kushikia umebanduka na kugandishwa kwa gundi ya viatu. Nyingine ilikuwa mpya, haijamaliza hata miaka miwili. Shemeji alikwisha kumwambia kwenye simu: "Shemeji, njoo uchukue moja ufanyie kazi. Utakayoiacha ina mtu wake, anakuja kesho asubuhi." Maneno ya haki kabisa. Na keshokutwa Flashi alikuwa na harusi, ya kwanza ambayo angesimama mbele yeye mwenyewe.

Maana unadhani jina la Flashi lilitoka wapi? Si kwa kung'aa, ndugu yangu. Miaka tisa alimshikia kaka yake taa. Kaka mbele na kamera, yeye pembeni, mkono juu mpaka bega linakufa ganzi. Bibi harusi akishukuru, anamshukuru kaka. Picha zikisifiwa, ni za kaka. Ungemuuliza mtu yeyote pale mtaani jina alilopewa mdogo mtu na wazazi wake, angekuna kichwa.

Halafu kaka akaugua. Wiki tatu, ugonjwa usioeleweka, akafa. Na watu hawana dogo. Yakaanza ya chini chini: mdogo mtu kamloga kaka yake, anaitaka studio. Studio yenyewe viti viwili na pazia la bluu! Nani amwage damu ya ndugu yake kwa pazia? Lakini maneno ya mtaani hayahitaji akili, yanahitaji masikio tu. Yakamfika mama. Tangu siku ya maziko, miezi mitatu, mama hakumwambia Flashi neno hata moja.

Mama alikuwa anaishi pale pale kwa mkwewe. Flashi alimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, jua linazama nyuma ya paa la jirani, sakafu imepigwa deki muda si mrefu.

"Shikamoo, mama."

Mama alitazama ukuta.

"Amekula leo," shemeji alisema, kama vile anazungumzia mtoto. Akaonyesha meza. Kamera zilikaa juu ya taulo, moja huku, moja huku. "Jaribu upesi, shemeji, kabla giza halijaingia." Akaenda jikoni.

Flashi hakuwa mtu wa kuchagua kwa kukisia. Alifuata utaratibu aliofundishwa na kaka: lenzi moja, kiti kimoja, mwanga mmoja, picha kumi kwa kila bodi, zisizidi wala zisipungue, ndipo utende haki. Kisha kuza macho. Ukitaka kujua kama picha imekaza, haina ukungu, usiangalie nguo wala pua. Kuza jicho. Kope zikihesabika, kamera ni nzima.

Na mtu wa kupigwa pale alikuwa mmoja.

"Mama, naomba nikupige. Najaribu kamera tu."

Flashi alishazoea kupokea kimya na kukifanya ruhusa. Akaanza na mpya, akapiga kumi. Mama uso umefungwa kama mlango wa mtu aliyehama. Picha zilikuwa safi. Akakuza jicho: kope moja moja, na ndani ya mboni dirisha dogo, na mbele ya dirisha kijitu kifupi, viwiko vimetanuka. Yeye. Mpiga picha huwa anaonekana ndani ya mboni ya anayempiga. Kila mwenye kazi hii analijua hilo na hakuna anayelijali.

Akahamisha lenzi. Bodi ya zamani ilikuwa haijaguswa tangu msiba, betri ilipaswa kuwa imekufa. Akabonyeza. Ikawaka, betri imejaa pomoni.

Akaiinua usoni.

Mama akajiweka sawa kitini. Akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. Akatabasamu.

Kacha.

"Umechelewa, mwanangu," mama akanong'ona.

Miezi mitatu! Miezi mitatu ya kuleta matunda na dawa na kuondoka bila hata kutazamwa, na leo "mwanangu", tena kwa sauti laini ambayo hata utotoni hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake.

"Nisamehe, mama. Kazi zilikuwa nyingi."

Kacha.

"Piga nyingine, baba."

Kacha. Kacha.

Kukaja harufu. Dawa ya kuchua, kali, ile waliyomsugua kaka kifuani wiki za mwisho... Flashi alidhani inatoka chumbani. Akapiga ya tano. Ndipo akaona midomo ya mama imekuwa ya kijivu.

Akashusha kamera na kutazama skrini, kwa mazoea tu. Akakuza. Akakuza tena.

Ndani ya mboni ya mama alisimama mtu mrefu, shingo imeinamia kushoto.

Flashi ni mfupi. Aliyekuwa akipiga picha shingo imeinama kushoto alikuwa kaka.

Sasa, angekuwa mwashi au mshonaji, angekimbia. Lakini mpiga picha ana jina la kila kasoro, na hilo ndilo lililomponza. "Chenga," akajiambia. "Bodi ya zamani, mwanga hafifu, chenga hazikosi." Na tuseme ukweli wote: hakutaka kuacha. Mama alikuwa anamtabasamia. Ungeacha wewe?

Kacha, ya sita.

Kacha, ya saba.

Akakuza tena. Mtu mrefu yuko pale pale, mbele, sasa wazi zaidi. Na pembeni yake pana mwingine, mfupi, mkono juu. Ameshika taa.

Flashi hakuwa na taa. Hapakuwa na taa sebuleni mle, hata ya darini haijawashwa. Alitazama mikono yake, yote miwili ilikuwa kwenye kamera. Lakini bega la kulia lilikuwa linamuuma, yale maumivu ya harusi ndefu. Mnaona? Hata huko, kaka ni wa mbele na yeye ni wa pembeni. Uchungu ulimpanda kabla ya hofu, na hilo mwenyewe hakulisahau.

"Piga," mama akasema. Sauti ilikuwa inatoka mbali. "Zimebaki tatu."

Flashi hakuwa amemwambia ni ngapi.

Akamshika mkono. Baridi. Baridi ya maji ya mtungini alfajiri. Pumzi ya mama ilikuwa inakuja, inakaa, inakuja... na lile tabasamu limebaki usoni kwa ajili ya mtu aliyesimama nyuma ya bega la Flashi.

Flashi akazima kamera. Akachomoa betri. Akavifunga vyote viwili ndani ya mkoba, zipu mpaka mwisho.

Ikapita dakika nzima. Harufu ikapungua. Midomo ya mama ikarudi rangi yake, kidogo kidogo, na tabasamu nalo likaondoka. Akamgeukia Flashi. Sasa alikuwa anamwona.

"Kwa nini umemfukuza?"

"Mama, ulikuwa unakufa."

"Ningekufa na mwanangu." Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Wewe ndiye ungepaswa kutangulia."

Halafu akarudi kwenye ukuta wake.

Jikoni, shemeji alikuwa amesimama na mwiko mkononi, hakorogi kitu. Alikuwa amesikia.

"Ni nini kile, shemeji?" Flashi alinong'ona.

"Kaka yako alimwahidi mama picha. Miaka yote mama anasema nipige na mimi, yeye anasema kesho. Mganga hajigangi, si unajua. Alipokuwa kitandani akamwambia, nikiinuka, mama, nitakupiga kumi, uchague moja. Hakuinuka." Akafuta macho kwa kiganja. "Kamera ile niliifungia sandukuni siku tuliyorudi makaburini, na ufunguo nalala nao. Lakini jioni mama anakaa pale, ananyoosha kitambaa. Na mimi huku jikoni nasikia... kacha. Moja tu. Halafu kimya."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia nini? Watu wanasema wewe ndiye uliyemloga." Hakumtazama. "Nilitaka nione kama na kwako itapiga."

Loo! Hata shemeji. Flashi alisema alilopaswa kusema: anachukua mpya. Ya zamani iende mbali. Na yule mnunuzi kesho asimkaribishe ndani, amkabidhi nje, getini, na yeye Flashi atakuwepo mapema.

"Asiishike mbele ya mama, shemeji. Kwa Mungu wako."

"Nimekuelewa."

Usiku ule hakupata usingizi, na si kwa kuogopa. Alilala chali akisikia sentensi moja. Wewe ndiye ungepaswa kutangulia. Kuna maneno ambayo mtu akishayasema hayana pa kurudi. Alfajiri usingizi ukamwiba, akaamka jua limeshapanda, akatoka mbio bila kunawa uso.

Geti lilikuwa wazi. Mnunuzi alishafika. Alikuwa mpiga picha wa mashuleni, bonge la mtu, mchangamfu, wa wale ambao hawasubiri kukaribishwa. Shemeji alikuwa ameingia chumbani kutafuta chaja, kumbe jamaa amemfuata hadi sebuleni, kauona mkoba, kafungua, kaweka betri. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Hakuna anayenunua bodi bila kuijaribu, na hujaribiwa kwa mtu aliye karibu.

Flashi alifika mlangoni na kumwona ameinua kamera.

"Bi mkubwa, hebu cheka kidogo, nijaribu."

Mama akajiweka sawa. Akanyoosha kitambaa.

Zilikuwa zimebaki tatu.

Flashi alifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu: acha. Herufi nne, mtoto wa miaka miwili analisema. Hatua tatu kati yake na yule bonge, na nafasi ya kusema ilikuwepo, asikudanganye mtu. Lakini pale kooni neno lile lilikuta lingine limetangulia, la jana, limekaa. Na kwa muda wa pumzi moja Flashi aliwaza: basi, aende kwa mwanawe.

Akafunga kinywa.

Kacha-kacha-kacha.

Kamera ilikuwa imewekwa ipige mfululizo. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa mlangoni, ikampita Flashi begani, ikatoka nje... Kidevu cha mama kikashuka kifuani.

"Fokasi bado kali," mnunuzi akasema, macho kwenye skrini. "Bi mkubwa? ... Bi mkubwa?"

Daktari alisema moyo. Mtaa ukasema lingine, na safari hii Flashi hakukasirika. Mnunuzi aliiacha kamera mezani na hakurudi kuiulizia. Harusi akapewa mpiga picha mwingine.

Lakini msiba unataka picha. Ya kuweka mbele ya jeneza, kubwa, watu waione. Na nani mwingine wa kuitengeneza? Shemeji alimpa kadi ya kamera bila kumtazama. "Ile ya mwisho," akasema. "Ndiyo aliyotoka anacheka."

Flashi akakaa studio peke yake, saa tisa ya mchana, pazia la bluu limefungwa. Akaifungua ile ya kumi. Mama alikuwa amependeza, hilo halina ubishi. Hakutaka kukuza. Lakini picha ya jeneza lazima ikaguliwe, ni kazi. Akajiandaa kumwona kaka. Akajiandaa hata kujiona pembeni na taa.

Akakuza.

Kaka hakuwemo. Yule bonge aliyebonyeza hakuwemo. Ndani ya mboni zote mbili palikuwa na mlango ulio wazi, na mtu mfupi amesimama, mikono imening'inia, kinywa kimefungwa.

Maisha yake yote Flashi alitaka mama amtazame. Alikuwa amemtazama. Wakati ule alipoamua kunyamaza, mama alikuwa anamtazama yeye, wala si kamera, na alikuwa anamtabasamia.

Akalia kwa sauti, mpaka fundi viatu wa jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni.

Kufuta doa kwenye jicho ni kazi ya dakika mbili. Alifuta. Macho yakawa ya maiti. Akarudisha. Akafuta tena, akarudisha tena. Mwishowe akaichapa kama ilivyo, akaitia fremu, akaipeleka.

Waombolezaji wakapita mbele ya picha mmoja mmoja. Wakasema mama ametoka vizuri sana, kama yuko hai. Kila mtu akaisifu picha, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeipiga. Flashi alisimama karibu akisubiri aulizwe, maana mpaka saa ile mwenyewe hakujua angejibu nini.