Mistari Mitatu ya Chiriku

Shule ilipotoka, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara, akamwamkia mlinzi wa chuo, akaingia maktaba alikofanya kazi shangazi yake. Hiyo ilikuwa amri ya mama. "Mimi nina cherehani miguuni na mtoto mgongoni," mama alimwambia. "Sina jicho la tatu la kukuchungia njiani. Kaa kwa wifi yangu mpaka atoke kazini, mje pamoja."

Jina lake halisi lilitumiwa na walimu tu. Wengine wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Maktaba ile ilikuwa kubwa, na watu waliongea humo kama waliomo chumba cha mgonjwa. Chiriku alipewa kiti chake karibu na dirisha, mbele ya kompyuta ya zamani iliyokuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba. Akimaliza kazi za shule, shangazi alimruhusu kufungua ukurasa wa utafutaji wa chuo. Ulikuwa na kisanduku kirefu cheupe, basi. Ukiandika neno ndani yake na kubonyeza, vilikuja vitabu, magazeti, majarida ya wataalamu na kazi za wanafunzi wa miaka iliyopita, vyote kwa mkupuo.

"Zamani tulipekua kabati kwa kabati," shangazi alimweleza siku ya kwanza. "Sasa chombo hiki kinapekua kwa niaba yetu. Lakini usikione kinajua kila kitu, mwanangu. Ni kama mtoto mdogo unayemtuma kijiko: atakuletea kijiko, mwiko na kifuniko cha sufuria, akusubiri umsifu. Kuchagua ni kazi yako. Na usipoelewa, njoo uniulize."

"Nimesikia, shangazi," alijibu Chiriku. Kusikia alisikia. Kushika ndiko kulikokuwa na kazi.

Wiki hiyo mdogo wake, mtoto wa miaka miwili waliyemwita Bonge kwa mashavu yake, alishikwa na kikohozi. Mama alimpeleka zahanati. Daktari akampima kifua, akasema ni mafua tu, apewe maji ya kutosha, na arudishwe haraka akianza kupumua kwa shida. Lakini mama ni mama. Bonge akikohoa mara moja, yeye aliruka mara mbili. Baba alikuwa safarini na lori lake, na kila simu aliyopiga ilianza na swali moja: "Mtoto anaendeleaje?" Mama alijibu "vizuri," kisha akikata simu anakaa, mkono juu ya kifua cha mtoto, anahesabu pumzi.

Chiriku aliyaona hayo, yakamkera moyoni. Siku iliyofuata alipofika maktaba hakugusa hata daftari la hesabu. Alikwenda na rafiki yake Mapengo, aliyekuwa ameacha vitabu vyake nyumbani makusudi ili apate kisingizio cha kuingia kuazima. Chiriku akaandika kwenye kisanduku: dawa ya kikohozi cha mtoto majani. Akabonyeza.

Matokeo yakamwagika kama mtama wa gunia lililotoboka. Maelfu. La kwanza kabisa lilikuwa na picha ya jani lenye meno pembeni, na Chiriku akalitambua palepale. Lilikuwa jani la mti wa uzio wao! Chini ya picha palikuwa na mistari mitatu: Utafiti huu umeonyesha kwamba majani ya mti huu, unaopandwa sana kwenye uzio wa nyumba, yana uwezo mkubwa wa kutuliza kikohozi na kulegeza makohozi... Mistari ikaishia hapo, kwa vidoti vitatu.

"Si unaona!" alinong'ona Chiriku, macho yakiwaka. "Dawa iko uani kwetu, nasi tunahangaika!"

"Mbona pana vidoti?" Mapengo aliuliza. "Bonyeza tuone mbele."

Chiriku akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, maneno marefu, majedwali, tarakimu, kurasa kumi na kitu. Akaufunga mara moja. "Mambo ya maprofesa hayo. Cha maana tumeshakiona."

"Haya, daktari wa mistari mitatu," Mapengo alimcheka. "Mimi ukinikuta nakohoa, nipite."

"Wivu tu huo!"

Shangazi alikuwa kaunta, amezungukwa na wanafunzi waliokuwa na mtihani kesho yake. Kumfikia ilikuwa hatua chache tu. Chiriku akamtazama, akaona foleni, akaona uvivu wa kusubiri. Akakaa.

Jioni alipoingia nyumbani hakuvua hata viatu. "Mama! Nimepata dawa ya Bonge. Nimeisoma chuoni, kwenye utafiti wa wataalamu. Ni majani ya mti wetu wa uzio!"

Shangazi alikuwa ameshapitiliza kwake, hakuyasikia. Mama akasimamisha cherehani. Yeye aliishia shule ya msingi, na kila kilichotoka chuoni alikiheshimu kama mgeni aliyevaa suti. Hata hivyo aliuliza, tena aliuliza vizuri.

"Umeisoma yote, mwanangu?"

"Yote, mama. Mwanzo mpaka mwisho."

"Wamesema atumieje?"

Hapo ulimi wa Chiriku uliteleza mbele ya akili. "Unatwanga, unakamua, unampa vijiko viwili."

Vijiko viwili alivitoa wapi? Hakuvisoma popote. Alivitoa kichwani, kwa kuwa dawa zote alizowahi kunywa zilikuwa za vijiko viwili. Na mama, kwa sababu ya upendo na woga, alitwanga, akakamua, akampa mtoto.

Mwanzo hapakuwa na neno. Bonge alikunja uso, akalia kidogo, akarudi kwenye vifuniko vyake vya chupa. Mama alishukuru. Chiriku akajiona mkubwa kuliko kimo chake. Kisha, mama alipokuwa akikunja vitambaa, mtoto akatapika. Akatapika tena. Halafu akalegea mikononi mwa mama kama nguo iliyotoka kufuliwa, macho nusu wazi, na mashavu yale yakapoteza rangi.

"Bonge! Bonge, baba! Niangalie!"

Mama hakutafuta hata kanga ya pili. Alimfunga mtoto kifuani na akatoka mbio, Chiriku nyuma yake akiwa na kandambili moja, nyingine imebaki mlangoni. Zahanati ilikuwa mtaa wa pili tu, lakini jioni ile ule mtaa ulirefuka kama usio na mwisho. Ni mimi, Chiriku alijisemea kila alipokanyaga. Ni mimi, ni mimi.

Daktari alimpokea mtoto, akamlaza, akamwekea kifaa kifuani. Muuguzi akaleta beseni na maji ya chumvi ya kutundika.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Nimempa maji ya majani ya uzio," mama alisema. "Si kwamba nimejiamulia, daktari. Binti yangu ameisoma chuoni. Ni utafiti."

Daktari akamgeukia Chiriku. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. "Vizuri umekuja, binti. Sasa nisaidie. Hiyo habari ilisema nini kuhusu majani mabichi? Yana madhara gani, na kipimo chake kwa mtoto ni kipi? Nikijua hapo, nitajua nianzie wapi."

Chiriku akafungua mdomo. Jibu la kutunga lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mama alikuwa akimtazama, macho yamejaa tumaini, na hilo tumaini ndilo lililomchoma. Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema "haina madhara," akajiepusha na aibu. Akamtazama Bonge, mkono wake mdogo umefungwa plasta ya sindano ya maji, na aibu ikawa haina maana.

"Sijui," alisema. "Sikuisoma. Nilisoma mistari mitatu ya mwanzo. Nilimdanganya mama. Na vijiko viwili... nilivitunga mimi."

Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sindano ya cherehani. Muuguzi alimshika bega.

"Asante kwa kusema kweli," daktari alisema haraka. "Tungedanganyika, tungepoteza muda. Nani anaweza kuifungua habari hiyo sasa hivi?"

"Shangazi yangu! Ni mkutubi!"

Mama akapiga simu. Shangazi alipokea, akasikia maneno mawili tu, akasema, "Nafungua kompyuta ya nyumbani, ninaweza kuingia maktaba kutoka hapa. Mpe simu Chiriku." Kisha sauti yake ikaja karibu: "Mwanangu, usilie sasa, utalia baadaye. Uliandika maneno gani? Yale yale, usibadilishe hata moja."

"Dawa ya kikohozi cha mtoto majani."

Vitufe vikasikika. "Nimepata maelfu. Mpangilio umeshabadilika, la kwanza kwangu ni kitabu cha kupika. Ulichagua chochote pembeni ya ukurasa? Miaka? Aina ya maandishi?"

Bonge alikoroma kidogo kitandani, mama akashtuka. Chiriku alifumba macho, akajilazimisha kurudi kwenye kile kiti cha dirishani. "Sikuchagua kitu. Lakini lilikuwa na picha ya jani lenye meno. Na palikuwa na neno utafiti, na mti wa uzio."

"Basi ni jarida. Naondoa vitabu na magazeti, nabakiza majarida tu. Naongeza neno uzio." Vitufe tena. Chiriku aliona kama simu inamuunguza sikio. "Hili hapa! Mpe daktari."

Daktari akaweka simu kwenye kipaza sauti ili asikie huku mikono yake ikifanya kazi. Shangazi akasoma, si mistari mitatu, bali ile iliyofichwa na vidoti. Utafiti ulifanywa kwa panya, wala si kwa watu. Majani yalikaushwa na kuchemshwa, na kipimo kilikuwa kidogo mno. Maji ya majani mabichi yaliwatapisha wanyama na kupunguza kasi ya moyo. Na mwisho wataalamu wenyewe walionya: yasitumiwe kwa watoto.

"Inatosha," daktari alisema. "Sasa najua tunapambana na nini. Muuguzi, maji yaendelee, na tusiuache moyo wake bila kuuangalia."

Wakakaa. Hakuna kukaa kurefu kama huko. Mama alishika mguu wa mtoto, Chiriku alikaa sakafuni asithubutu kushika chochote. Shangazi alifika akihema, viatu vya ofisini mkononi, akajipenyeza katikati yao bila kuuliza. Daktari alisikiliza kifua cha Bonge, akaondoka, akarudi, akasikiliza tena. Mara ya nne alitabasamu kidogo. Muda si mrefu Bonge akafumbua macho, akamwona muuguzi, akaiona plasta kwenye mkono wake, na akalia kwa nguvu zake zote.

"Hiyo ndiyo sauti ninayoitaka," daktari alisema. "Mtalala naye hapa leo, lakini hatari imepita."

Mama alilia hapo, si kabla. Alipomaliza, alimwita Chiriku aje akae ubavuni mwake. Chiriku alikuja kichwa chini, akisubiri kuchapwa kwa maneno.

"Shangazi," alisema kwa sauti nyembamba, "kile chombo ni kibaya. Sitakigusa tena."

"Chombo hakina kosa," shangazi alijibu. "Ndicho kilichotuonyesha njia leo. Kilikuletea habari mlangoni, wewe ukaishia kwenye kizingiti. Ukiona maandishi yamekatwa, ujue mwenzio hajamaliza kusema. Na foleni yangu kaunta, hata iwe ya watu mia, si ndefu kuliko kukaa kwetu hapa zahanati."

Mama alikuwa anafuta uso kwa ncha ya kanga. "Mimi nami nina langu," alisema. "Niliiona habari ni kubwa kwa sababu imetoka chuoni, nikaacha kumwuliza daktari aliyempima mtoto wangu kwa mikono yake. Sitarudia. Lakini wewe, mwanangu, nisikilize. Sikukasirika kwamba ulijua kidogo. Hata mimi najua kidogo, na watu wananiheshimu. Ukijua nusu, niambie, 'Mama, hii ni nusu.' Nitakushukuru, na tutaitafuta nusu iliyobaki pamoja. Ukiniambia nusu kuwa ndiyo yote, mimi nitaikamilisha kwa imani yangu, na imani ya mama haina kipimo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Sema ulichoelewa. Usinipe nusu."

Chiriku akavuta pumzi, akaanza kusema, mwanzo mpaka mwisho.